Mstari wa Miwani

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na mkaza-mjomba hajakuchoka bado. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana na anasema ukiandika uandike kwa herufi kubwa, maana miwani yake mpya haielewani naye. Juzi kagombana na daktari wa macho, kamwambia yeye alikuwa anaona vizuri mpaka alipoanza kutibiwa. Wanangu wakitoka shule, sebule yangu inakuwa uwanja wa mpira.

Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za afya ukanijibu habari za paa kwa robo saa nzima. Zile mashine za kuchapia zilikumaliza masikio, mjomba. Basi naandika.

Nina jambo. Nyumba yetu ya vitabu inatoa upya vile vitabu vidogo vya Bwana Taratibu, vyote kumi na viwili. Miaka arobaini imepita tangu mlipochapa cha kwanza hapo kiwandani kwenu, na yule mpelelezi hazeeki! Muuza vitabu vya mitumba hapa chini ya ofisi ananiambia Bwana Taratibu halali siku mbili mezani kwake. Mlinzi wetu wa getini ukimpa maelezo marefu ya kuchelewa, anavua miwani, anaifuta kwa tai, kisha anasema, "Endelea." Hana hata haja ya miwani, ni ya jua. Na wiki iliyopita mahakamani wakili mmoja kavua miwani yake kwa sababu ya jasho tu, watu wote nyuma wakasema kwa pamoja, "Endelea!" Hakimu mwenyewe kacheka.

Sasa sikia. Mwandishi wake, yule mwalimu wa jiografia, alifariki miaka sita iliyopita, unajua. Binti yake, ambaye ni daktari wa meno, katuletea sanduku la miswada aliyoiandika baba yake kwa mkono. Nimefungua muswada wa kwanza nikashika kichwa. Mjomba, Bwana Taratibu anaongea! Anaongea kupita redio! Kabla ya kumtaja mwizi anaeleza aina za udongo kwa kurasa tatu. Kwenye kitabu tunachokijua sisi, mahali hapo hapo, ni mstari mmoja tu: *Akavua miwani, akaifuta, akasema: Endelea.* Mwizi mwenyewe anabubujika kila kitu. Huo mstari kwenye muswada haupo. Haupo kabisa.

Bosi wangu kafurahi sana. Anataka tutoe toleo kamili, "kama mwandishi alivyoandika", udongo na vyote. Utangulizi niandike mimi, na niseme kwamba wafanyakazi wa kiwanda, kwa ujinga au uvivu, waliikatakata kazi ya Mwalimu.

Wewe ulikuwa mpanga herufi pale. Nani aliyekata?

Mpwa wako,
Bi Maswali


1 Machi

Kwa mpwa wangu Bi Maswali,

Marahaba, mama. Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili. Sisi wazima. Goti ni lile lile, likitabiri mvua linapatia kuliko redio. Mkaza-mjomba wako anasema hajanichoka, ila ameomba mapumziko. Mwambie dada yangu aache kugombana na madaktari, na miwani akiivaa aivae puani, siyo kwenye paji la uso.

Paa lililovuja nimeliziba. Fundi aliyekuja kwanza alitaka kubadilisha mabati yote. Nikapanda mwenyewe na goti langu hili, nikakuta ni misumari minne tu iliyolegea. Vijana wa siku hizi wakiona tatizo dogo wanalikuza ili liwajazie mifuko. Jirani yangu mstaafu wa posta amenunua mbwa anayeogopa watu. Akibisha mgeni, mbwa anajificha, jirani ndiye anabweka.

Juzi nilikuwa kliniki kwa ajili ya hilo goti. Tumekaa kwenye benchi, mama mmoja ndani anamweleza daktari ugonjwa wake tangu alipozaliwa. Mlango uko wazi. Daktari kavua miwani kaifuta. Basi benchi zima, wazee kwa watoto, "Endelea!" Mimi sikusikia vizuri lakini nilisoma midomo. Nilicheka mpaka nesi akaja kunipima presha upya. Mama aliyekaa karibu nami akanipigia kelele sikioni kwamba baba yake ndiye aliyemfundisha kusoma kwa vitabu hivyo. Nikamwambia ni vizuri.

Kuhusu swali lako: mvua huku zimeanza mapema mwaka huu.

Mimi nilikuwa fundi tu wa kupanga herufi. Kazi yetu ilikuwa kuchukua herufi za madini ya risasi moja moja kutoka kwenye visanduku na kuzipanga mstari kwa mstari, kinyumenyume, mpaka ukurasa ujae. Tulisoma kila kitu na hatukuandika kitu. Msomaji akikumbuka kwamba kuna mtu alipanga herufi, ujue amekosea huyo mtu. Kitabu kilikuwa kurasa sitini na nne, basi. Zaidi ya hapo sina la kukusaidia, na utangulizi wako naamini utakuwa mzuri kwa sababu una kichwa cha mama yako, ingawa usimwambie.

Wasalimie watoto. Wasivunje dirisha.

Mjomba wako


16 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena. Dirisha wamelivunja tayari, asante kwa kuwatabiria. Sisi wengine salama, na Mama sasa anavaa miwani mahali pake.

Hongera kwa mvua.

Nimecheka na huyo mbwa, nimecheka na kliniki, halafu nikatulia nikaisoma barua yako kama anavyosoma Bwana Taratibu. Nilikuuliza kitu kimoja, umenijibu paa, mbwa, jirani, goti na hali ya hewa. Mtu asiye na cha kuficha hajibu hivyo, mjomba. Hilo nimefundishwa na vitabu mlivyochapa nyie wenyewe.

Kwa hiyo nimefanya mambo mawili. La kwanza, nilimsomea Mama ile sura ya wizi wa saa ya stesheni, lakini kutoka kwenye muswada, na maelezo yake yote. Alivumilia udongo wa tope, akavumilia udongo wa kichanga, tulipofika kwenye upepo akaniambia, "Funga. Huyu siye. Huyu ni mtu anayesahihisha mitihani." Nikamsomea kitabu chenyewe. Ulipofika mstari wa miwani akatabasamu, akasema, "Eeh, huyo ndiye. Huyo ni Baba."

Nikamuuliza baba gani. Kumbe babu yangu, baba yenu, fundi cherehani, ndivyo alivyokuwa! Mama anasema mkimdanganya hakupiga wala hakugomba. Alisimamisha cherehani, akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa, akasema "Endelea." Anasema wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuungama kila mara, hata makosa ambayo hukuyafanya.

Mwalimu wa jiografia alimjulia wapi babu yangu?

La pili, nilichukua lenzi ya bosi nikatazama huo mstari katika vitabu vyote kumi na viwili. Unatokea mara arobaini na moja. Na mara zote arobaini na moja, herufi *m* ya "miwani" ina pengo dogo kwenye mguu wa kati, kama jino lililong'oka. Herufi nyingine za *m* kwenye ukurasa huo huo ni nzima. Kitabu cha kwanza mpaka cha mwisho ni miaka kumi na mitano, mjomba. Herufi ile ile moja, mahali pale pale, kwa miaka kumi na mitano. Hiyo haitokei ukipanga upya kila mara. Kuna mtu aliupanga huo mstari mara moja, akaufunga, akautunza, akawa anautumia kila alipouhitaji.

Ni wewe, sivyo?

Sikuulizi kama askari. Nakuuliza kwa sababu kama ni wewe, basi katika nchi nzima hii watu wanamwiga babu yangu bila kumjua, na mimi nataka kujivuna mpaka nikere watu.

Mpwa wako anayekupenda,
Bi Maswali


22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, watoto wazima. Wiki tano na siku mbili sijapata neno kutoka kwako. Mkaza-mjomba kanitumia ujumbe kwamba huumwi, ila umekuwa ukishinda uani ukinoa visu ambavyo tayari vinakata.

Siwezi kukusubiri muda wote. Bosi kaweka tarehe. Tarehe kumi na tano Juni vitabu vinakwenda kiwandani, na udongo wake wote na upepo wake wote, na utangulizi unaosema kazi ya Mwalimu iliharibiwa na watu wasioielewa. Daktari wa meno kaniambia ofisini, machozi yakimlenga, kwamba baba yake aliporwa maneno yake maisha yake yote. Nikikataa kuandika bila sababu, ataandika mwingine, na ataandika vibaya zaidi.

Usiponiambia, Bwana Taratibu tunayemjua anakwisha mwezi wa sita. Niambie hata kwa mistari miwili.

Bi Maswali


10 Mei

Kwa mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima. Visu vinakata.

Umenikera. Nataka hilo ulijue kwanza. Nilikaa na barua yako ya Machi nikiikunja na kuikunjua mpaka mama watoto wangu akadhani ni ya mwanamke. Pengo kwenye mguu wa *m*! Miaka arobaini hakuna profesa aliyeliona, limekuja kuonwa na mtoto niliyembeba mgongoni. Nilikasirika, halafu nikajikuta natembea uani kifua mbele. Ndiyo maana nilichelewa. Sikujua nikuandikie kwa hasira au kwa furaha.

Ni mimi.

Sasa sikia ilivyokuwa, usije ukaandika hadithi. Karatasi zilikuwa za shida. Kila kitabu tuligawiwa karatasi kubwa nne, kila moja ukiikunja inatoa kurasa kumi na sita. Piga hesabu, sitini na nne. Muswada wa kwanza ulipofika, nikapima, ukawa kurasa tisini na kitu. Mwalimu alikuwa kahamishiwa shule ya mbali, barua kwenda na kurudi ni miezi miwili. Msimamizi wetu akaniwekea ule mzigo mezani, akasema, "Ama utoshe, ama uutupe." Basi. Hiyo ndiyo ofisi ya fasihi iliyomkata Bwana Taratibu.

Niliusoma siku tatu. Hadithi ilikuwa nzuri, haki ya Mungu, ilikuwa nzuri sana. Yule Mwalimu alijua jinsi mtu anavyoogopa. Alijua mwizi anavyoshika kikombe. Ila mpelelezi wake hakumpa mtu nafasi ya kukosea, anaongea yeye tu. Nikawaza, mtu kama huyu angekuwa Baba angefanyaje? Nikaondoa udongo. Pale nikaweka mstari mmoja, ukajaza upana wa ukurasa sawasawa mwanzo mpaka mwisho, bila hata kuongeza nafasi. Niliupanga kwa mkono wangu, nikaona nimepanga sura ya Baba. Sikuweza kuubomoa baada ya kuchapa. Nikaufunga uzi nikauweka kwenye droo yangu. Herufi zetu ziliagizwa nje, zilitengenezewa watu wa lugha nyingine, *a* na *k* hazikututosha kamwe. Wenzangu walinisema vibaya: "Huyu kafungia *a* kumi na *k* tatu kwenye uzi wakati sisi tunaombana!" Sikujali. Ile *m* ilianguka sakafuni siku ya kwanza, ndiyo ikapata pengo. Nilikuwa na haraka, nikairudisha hivyo hivyo. Kosa langu, na nimelichapa mara arobaini na moja.

Tena nikuchekeshe. Kuna msomi mmoja aliandika gazetini kwamba mwandishi ana busara, hamfutishi miwani mpelelezi wake mara mbili kwenye kurasa za karibu, ili ishara isichujuke. Busara gani! Mstari ulikuwa mmoja tu. Ukiwa tayari mashinini kwenye ukurasa mmoja, utauweka vipi kwenye mwingine?

Baada ya kitabu cha kwanza kutoka, Mwalimu alikuja kiwandani likizo. Alisimama mbele ya meza yangu na kitabu mkononi. Kilichopita hapo ni chake na changu, sikusimulii. Yeye hayupo wa kunisahihisha. Marehemu ametajwa kwa vitabu vile, vina jina lake, na nikijitokeza leo mzee kiziwi nikasema "ni mimi niliyemnyamazisha", nani ataniona mwema? Binti yake analia kwamba baba yake aliporwa, mimi niende kusema mwizi ni mimi na ninajivunia? Najivunia, mama. Najivunia mno. Lakini fundi hajiandiki kwenye kazi ya mtu. Waache waseme tulikuwa wajinga. Nimeitwa zaidi ya hapo na msimamizi kabla ya chai.

Ila wewe una sanduku, na una macho, tumeshaona. Bwana Taratibu hakuwahi kumuuliza mtu kitu ambacho tayari kiko mezani. Tazama pembeni.

Mjomba wako


29 Mei

Mjomba wangu, fundi wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Mama mzima, ila amelia wiki nzima tangu nimsomee barua yako. Analia anacheka. Kamwambia kila anayepita barazani kwamba Bwana Taratibu ni baba yake mzazi. Jirani kadhani amechanganyikiwa. Kasema pia nikwambie kwamba kuhusu Baba umepatia, ila kitambaa cha kufutia kilikuwa cha bluu.

Nimetazama pembeni.

Muswada wa kwanza pembeni ni pasafi. Lakini kuanzia wa pili, pembeni mwa maelezo marefu, kuna viduara viwili vidogo vilivyounganishwa kwa kistari, vimechorwa kwa penseli nyekundu. Niliviona tangu Februari! Nikadhani ni Mwalimu anachezea kalamu huku anafikiri, nikavipita. Mimi, Bi Maswali, sikuuliza. Ni miwani, mjomba. Kila alipojijua kaongea sana alichora miwani, na kila alipochora miwani, kitabuni ndipo ulipo mstari wako. Nimelinganisha kimoja kimoja mpaka jicho likauma. Hujakosea hata mahali pamoja, na hujakata hata mahali pamoja ambapo hakuchora.

Halafu nikafika muswada wa kumi na mbili. Msomaji yeyote unayemwuliza atakwambia sura ile ya mwisho ndiyo bora kuliko zote, pale mke wa mshitakiwa anapoingia na Bwana Taratibu hasemi neno hata moja mpaka mwisho. Nilitaka kuona alikuwa kamwandikia nini kabla hujakata. Mjomba, hakuandika kitu. Ni nusu ukurasa mweupe. Katikati kachora miwani kubwa, na chini yake, kwa mwandiko ule wa ubaoni: "Hapa mwachie fundi."

Nilimwita daktari wa meno. Nikamwekea kitabu kushoto na muswada kulia, nikakaa kimya, maana na mimi nimejifunza. Alipitisha kidole juu ya ile miwani. Akasema nyumbani kwao baba yake hakunyamaza hata kwenye kula, ila kila kitabu kipya kilipofika, alikitafuta kwanza huo mstari, akauonyesha kwa kidole, akawa anasema, "Mnaona mwenzangu alivyofanya?" Wao watoto walidhani mwenzake ni Bwana Taratibu. Kaomba msamaha kwa yale ya kuporwa. Kasema vitabu vibaki vilivyo, visiguswe hata nukta. Bosi kaguna, katazama dari, kakubali. Udongo na upepo vinabaki sandukuni.

Kimebaki kitu kimoja na sitakifanya bila wewe. Nataka utangulizi useme ukweli. Useme kwamba wapo wawili: mwalimu aliyejua watu, na fundi wa herufi aliyejua lini wanyamaze. Useme na cherehani ya babu yangu. Ulisema marehemu hayupo wa kukusahihisha. Ameshasahihisha, mjomba, kwa penseli nyekundu, na kakupa alama zote.

Niandike? Tarehe kumi na tano iko karibu, tafadhali usinijibu habari za mvua.

Mpwa wako mwenye majivuno,
Bi Maswali


8 Juni

Kwa mpwa wangu Bi Maswali,

Marahaba mara tatu. Wote wazima. Mvua zimekatika, umeniambia nisizitaje lakini zimekatika. Mbwa wa jirani kamzoea mama watoto wangu, sasa anajificha huku kwetu. Kitambaa kilikuwa cha kijani, mwambie dada yangu, na asibishe na mtu aliyetumwa kukifua.

"Hapa mwachie fundi." Niliyasoma hayo maneno siku muswada ulipofika kiwandani, nikiwa nimesimama mbele ya visanduku vyangu, na ilinibidi nitoke nje kidogo, nikawaambia wenzangu ni wino umeniingia machoni. Ukurasa mweupe! Mtu mwenye maneno kama yeye kuniachia ukurasa mweupe. Sikumwambia mtu. Nilifikiri nikifa litakwenda nami na haina neno. Kumbe mzee wa watu alikuwa akiwaonyesha watoto wake kwa kidole. Nimefurahi, mama. Sina namna nyingine ya kulisema. Nimefurahi mpaka mama watoto wangu kaniuliza kama nimeota meno.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Kifungue taratibu, kimefungwa na uzi wangu na uzi wenyewe ni mzee kuliko wewe. Kiwanda kilipofungwa, herufi zote zilikwenda kuyeyushwa. Msimamizi aliniruhusu kuchukua kitu kimoja cha ukumbusho. Wenzangu walichukua saa ya ukutani, viti, mmoja kabeba mlango. Mimi nilichukua huu mstari. Uweke mbele ya kioo utausoma. Gusa ile *m*, utalisikia pengo. Wasomaji wako wa siku hizi wakikuuliza Bwana Taratibu alikuwa na uzito gani, waambie ni mwepesi kuliko kijiko. Uwe wako sasa. Usiusafishe.

Na kile nilichokataa kukusimulia, nakusimulia. Siku ile Mwalimu aliposimama mezani kwangu, nilijua nimekwisha. Nilikuwa kijana, nina mke mpya, na yeye yuko mbele yangu na kitabu nilichokitoa kurasa thelathini. Nikaanza kujieleza. Nikaeleza karatasi, nikaeleza msimamizi, nikaeleza posta, nikaeleza na Baba na cherehani yake, nikasema na mambo ambayo hakuyauliza. Yeye kimya. Mtu yule aliyekuwa haachi hata salamu ipite bila maelezo, kimya kabisa, wenzangu wote wameacha kazi wanatutazama. Nilipoishiwa maneno, akavua miwani yake. Akaifuta kwa ncha ya shati. Akaivaa, akanitazama, akasema neno moja tu, akageuka akaenda zake kuandika kitabu cha pili.

Umeniuliza kama uandike. Nimeivua yangu hapa mezani, nimeifuta.

Endelea.

Mjomba wako,
mpanga herufi